Bungeni, mahakamani au kwa diwani: sheria ikikubana, uanzie wapi?

Karatasi zilikuwa mbili, zimelowa pembeni kwa maji ya barafu ya samaki. Moja ilikuwa stakabadhi ya ushuru wa mabeseni ya dagaa. Ya pili ilikuwa hati ya kukamatwa nyavu za kijana aliyerudi kutoka baharini alfajiri. Tulikuwa kwenye mwalo mmoja wa pwani ya Tanga, wachuuzi, wakaanga samaki na manahodha wawili, na mama mmoja mtu mzima, ambaye pale mwaloni kila mtu humwita Shangazi, akaniuliza bila kuzunguka: "Mwanangu, tuchange nauli tumfuate mbunge Dodoma, au tuchange ya wakili twende mahakamani? Maana hela ya yote mawili hatuna."

Mimi si wakili. Ni msaidizi wa kisheria, na kazi yangu kubwa ni kumwonyesha mtu njia kabla hajatoa nauli. Nimeona vikundi vingi vya watu wanyonge vikimaliza akiba ya mwaka mzima kwa kubisha mlango usio wake. Nilimjibu Shangazi kwa saa mbili siku ile. Haya hapa ndiyo niliyomwambia, na mengine ambayo nilipaswa kumwambia.

Soma kwanza kichwa cha karatasi

Sote huita kila kitu "sheria". Afisa akija na kitabu cha stakabadhi, ni sheria. Askari akishika nyavu, ni sheria. Ukweli ni kwamba zipo ngazi, na kila ngazi ina mwenyewe.

Juu kabisa ni Katiba ya mwaka 1977. Chini yake kuna sheria zinazotungwa na Bunge, kama Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Chini ya hiyo kuna kanuni, ambazo waziri huzitunga kwa mamlaka aliyopewa na sheria ya Bunge. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009, pamoja na marekebisho yake, ni za namna hiyo, na humo ndimo yalimo mengi yanayomgusa mvuvi kila siku: leseni, zana, ukubwa wa macho ya nyavu. Halafu zipo sheria ndogo za halmashauri, na hata kijiji kina uwezo wa kuwa na zake. Ushuru wa Shangazi ulikuwa wa huku chini kabisa. Nyavu za kijana zilishikwa kwa kanuni ya waziri. Mwalo mmoja, asubuhi moja, wenyewe wawili tofauti.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua njia, ulizia namba ya Tangazo la Serikali. Kanuni na sheria ndogo za halmashauri huanza kutumika zikishatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na kila tangazo lina namba na mwaka. Anayekudai hela ana wajibu wa kuijua namba hiyo. Ukiipata, umeshajua nani aliitunga, na nusu ya safari umeimaliza hapo hapo mwaloni.

Njia ya Bunge

Muswada huanza safari kwa kuchapishwa kwenye Gazeti la Serikali pamoja na madhumuni na sababu zake. Bungeni husomwa Mara ya Kwanza, na hapo ni jina lake tu linalotajwa. Kisha hupelekwa kwenye kamati ya kudumu inayohusika. Ukirudi huko husomwa Mara ya Pili, wabunge wanaujadili, halafu Bunge hukaa kama Kamati ya Bunge Zima na kupitia kifungu kwa kifungu. Ukishasomwa Mara ya Tatu na kupita, huenda kwa Rais. Haujawa sheria mpaka Rais auridhie.

Rais anaweza kukataa na kuurudisha pamoja na sababu zake. Katiba, ibara ya 97, inasema muswada uliorudishwa usipelekwe tena kwake kabla ya miezi sita kupita, isipokuwa kama umeungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Ukipelekwa kwa wingi huo, Rais ana siku 21 za kuuridhia, la sivyo avunje Bunge.

Sehemu ya mwananchi katika safari hiyo ni moja, nayo ni kwenye kamati. Kamati ndiyo inayoita wadau, inayopokea maoni ya maandishi, na inayoweza kuishawishi Serikali ilete jedwali la marekebisho, yaani orodha ya mabadiliko ya vifungu. Kwa bei ya karatasi na bahasha, mkaanga samaki wa Tanga anaweza kuweka neno lake mbele ya watu watakaogusa kifungu kile. Siwezi kusisitiza vya kutosha jinsi wakati huu ulivyo wa thamani. Muswada ukiwa kamatini, neno moja linabadilishwa kwa kalamu. Ukishapita, neno lile lile litahitaji muswada mwingine wa kulibadilisha, au jopo la majaji.

Ugumu ni muda. Mwaliko wa wadau mara nyingi hutoa siku chache, na muswada ukiletwa kwa Hati ya Dharura, yaani kwa maelezo kwamba jambo ni la haraka, hatua hufupishwa zaidi. Mtu anayesubiri mpaka asikie redioni kuwa "Bunge limepitisha" ameshachelewa. Vikundi vinavyofaidi njia hii ni vile vyenye mtu mmoja, hata mmoja tu, anayefuatilia matangazo ya Bunge kila wiki. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hiyo mtu huyo si lazima awe msomi wa Kiingereza. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na mwenye bando kwenye simu anatosha.

Kuna jambo jingine wengi hawalijui. Bunge lina Kamati ya Sheria Ndogo, na kazi yake ni kuzichambua kanuni za mawaziri na sheria ndogo za halmashauri baada ya kutungwa. Ikiona kifungu kinakwenda kinyume na sheria mama, yaani sheria ya Bunge iliyotoa mamlaka ya kukitunga, au kinamwonea mwananchi, hukipeleka bungeni na Bunge huazimia kirekebishwe. Ukimwandikia mbunge wako kuhusu ushuru, usimwandikie malalamiko matupu. Mwandikie namba ya tangazo, namba ya kifungu na sheria mama unayodhani imekiukwa, halafu umwombe aifikishe kwenye kamati hiyo. Barua ya namna hiyo ina pa kwenda. Barua ya "tunaumia" huishia mfukoni mwa koti.

Njia ya mahakama

Mahakama haiulizi kama sheria ni nzuri. Inauliza kama imevunja Katiba, au kama aliyeitunga amevuka mamlaka yake. Nahodha mmoja siku ile alinikatiza: "Lakini hii sheria ni mbaya, kaka, kila mtu anajua." Inawezekana. Ila ubaya peke yake haufungui jalada.

Ukidai kwamba haki yako iliyomo ibara ya 12 hadi ya 29 ya Katiba imevunjwa, unafungua shauri Mahakama Kuu, ambayo ina masjala yake Tanga mjini, kwa Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu Muhimu ya mwaka 1994. Anayejibu ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Jaji mmoja anaweza kuamua kama maombi yana msingi wa kusikilizwa, lakini shauri lenyewe husikilizwa na majaji watatu. Marekebisho ya mwaka 2020 yalimtaka mleta maombi aape jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika, na masharti hayo yenyewe yamepelekwa mahakamani kupingwa. Muulize wakili yamefikia wapi siku unayofungua. Kwa vyovyote vile, shauri lenye mtu aliyeumia, mwenye stakabadhi na tarehe, lina miguu kuliko shauri la "sisi wananchi".

Ukiwa unapinga uamuzi wa ofisa, au kanuni iliyovuka mamlaka, njia yake ni mapitio ya mahakama, na hiyo huanza kwa kuomba kibali ndani ya miezi sita. Ukiishtaki Serikali kwa madai ya kawaida, unatanguliza ilani ya siku 90. Muda mahakamani haukusubiri wala haujali kwamba ulikuwa msimu wa kusi na boti zilikuwa nchi kavu.

Mshindwa wa Mahakama Kuu huenda Mahakama ya Rufani, na hapo ndipo mwisho. Taarifa ya kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na rufaa yenyewe ndani ya siku 60 baada ya taarifa hiyo. Rufaa husikilizwa na majaji wasiopungua watatu. Mahakama hii hufanya vikao vyake mikoani, Tanga ikiwemo, kwa hiyo anayesema "Rufani ni ya Dar" anakutisha bure.

Wale wa Horohoro, mpakani na Kenya, wanaosikiliza redio za Mombasa huniuliza kuhusu Mahakama ya Juu. Hiyo ni ya Kenya, iliyoanzishwa na Katiba yao ya mwaka 2010. Kwetu, Katiba Inayopendekezwa ya mwaka 2014 ilitaka iwepo, lakini kura ya maoni haikufanyika. Ukishauriwa na shemeji wa Vanga, ng'ambo ya mpaka, jinsi ya kufungua shauri la kikatiba, msikilize kwa heshima, kisha urudi kwa wakili wa upande huu.

Mahakama iliyozaliwa bungeni

Hapa nakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapokosea kuchagua.

Nchi yetu ilipata uhuru bila mahakama ya mwisho iliyo yake. Rufaa zilikwenda kwenye Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, tuliyoshirikiana na Kenya na Uganda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mahakama ile ilikufa nayo, na aliyeshindwa Mahakama Kuu hakuwa na pa kupanda. Bunge likabadilisha Katiba, na mwaka 1979 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikaanzishwa, Francis Nyalali akiwa Jaji Mkuu. Leo imo katika ibara ya 117.

Kwa hiyo mahakama inayoweza kuliambia Bunge "sheria yako ni batili" ilipata uhai wake kwa kura za Bunge hilo hilo. Vyote viwili vinakula mezani pa Katiba. Bunge linaweza kuibadilisha Katiba kwa theluthi mbili ya wabunge wote, na kwa mambo fulani ya Muungano kwa theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wale wa Zanzibar. Mahakama haina uwezo huo. Inaitafsiri Katiba kama ilivyoikuta asubuhi ile.

Tazama yaliyomkuta Mchungaji Christopher Mtikila. Alidai kwamba mtu aruhusiwe kugombea bila kuwa mwanachama wa chama. Mwaka 1994, Mahakama Kuu kupitia Jaji Lugakingira ikamkubalia. Mwaka huo huo Bunge likapitisha mabadiliko ya Katiba, na sharti la chama likawekwa ndani ya Katiba yenyewe. Akarudi mahakamani, akashinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006. Mwaka 2010, majaji saba wa Mahakama ya Rufani wakasema mahakama haiwezi kufuta ibara ya Katiba, na kwamba jambo lile ni la Bunge. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, akashinda mwaka 2013. Ushindi mara tatu, na hakuna mgombea binafsi. Njia ile ya Arusha nayo imebanwa: mwaka 2019 Serikali iliondoa tamko lililomruhusu mwananchi kwenda huko moja kwa moja.

Sasa tazama shauri la Rebeca Gyumi. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu binti wa miaka 15 kuozwa kwa idhini ya wazazi huku mvulana akisubiri miaka 18, vinakiuka Katiba, na ikaipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ilikata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Ushindi kamili, mpaka ngazi ya mwisho ya nchi. Lakini maneno mapya ya sheria huandikwa Bungeni, na miaka ilipita baada ya hukumu ile bila sheria kubadilishwa. Nimelea mabinti wawili. Kila nikisoma hukumu ile nasikia faraja, halafu nakumbuka kwamba hukumu haina mkono wa kuandika kifungu.

Yapo mashauri yaliyokwenda vizuri, nayo yana sura moja. Mwaka 1993, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, Mahakama ya Rufani ilifuta sharti la kuomba kibali cha Serikali ndipo uishtaki Serikali. Mwaka 2002, katika shauri la Julius Ndyanabo, ilifuta kifungu kilichomtaka anayepinga matokeo ya uchaguzi aweke kwanza dhamana ya shilingi 5,000,000, kwa kuwa kilimfungia maskini mlango wa haki. Ukiyasoma yote mawili utaona walioshinda waliomba kitu kiondolewe. Hakikuhitajika kifungu kipya, wala bajeti, wala waziri wa kutekeleza. Kizuizi kilitolewa, watu wakapita.

Ndiyo maana swali ninalomuuliza kila mtu sasa ni hili: unataka kitu kiondoke, au unataka kitu kiwepo? Ukitaka kiondoke, na kinagusa haki yako ya kikatiba au kimetungwa bila mamlaka, mahakama ina nguvu ambayo mbunge hana. Hutahitaji wingi wa kura. Mtu mmoja mwenye haki anatosha. Ukitaka kiwepo, kwa mfano bima ya wavuvi, au soko la samaki lenye choo cha wanawake, au ushuru uliopangwa upya kwa uzito badala ya beseni, usiende mahakamani hata kama wakili ni binamu yako na hatakutoza. Hilo ni la watunga sheria.

Njia ya karibu, inayodharauliwa

Halmashauri inapotaka kutunga sheria ndogo inapaswa kuwatangazia wakazi na kupokea pingamizi zao. Kisha Baraza la Madiwani hupitisha, na haiwi na nguvu mpaka waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa aidhinishe. Kwa kijiji, wanakijiji husikilizwa kwenye mkutano mkuu na halmashauri ya wilaya ndiyo huidhinisha. Ngazi hizi zote ziko ndani ya mwendo wa bodaboda.

Watu huniambia diwani hana nguvu. Hana nguvu juu ya Kanuni za Uvuvi, ni kweli. Lakini juu ya ushuru wa beseni ana kura, na jirani zake wana kura, na baraza huketi kila robo mwaka. Hasara ya njia hii ni kwamba inategemea uso: diwani akigombana na kikundi chenu, jambo lenu hulala. Na kilichopunguzwa mwaka huu kinaweza kupandishwa mwaka wa bajeti ijayo, tofauti na hukumu ya Rufani, ambayo mahakama zote za chini zitaifuata. Hata hivyo, kwa mambo ya ushuru wa mwalo, mnada na gulio, sijaona njia inayolipa haraka zaidi kwa hela kidogo zaidi. Ningeanza hapa mara tisa kati ya kumi.

Unaweza pia kutumia mbili kwa pamoja, ila kwa mpangilio. Mahakama hupenda kujua kama ulijaribu njia nyingine kwanza, na barua yenye muhuri wa kupokelewa halmashauri ni ushahidi. Hivyo hata ukijua moyoni kwamba utaishia Mahakama Kuu, andika barua, gonga muhuri, tunza nakala. Sijutii muhuri hata mmoja niliowahi kumwambia mtu akaugonge.

Mwaloni tena

Kikundi cha Shangazi hakikuchangisha nauli ya Dodoma. Stakabadhi yao ilikuwa na jina la sheria ndogo na haikuwa na namba ya tangazo. Wakaandika barua ya ukurasa mmoja kwenda kwa mkurugenzi, nakala kwa diwani, wakiomba namba hiyo na wakipendekeza ushuru utozwe kwa kilo. Shangazi alisema aandike mwenyewe, kwa mwandiko wake, na waliojua kusoma wakamsomea tena kwa sauti mpaka kila mmoja akaridhika.

Kijana wa nyavu alikaa kimya muda wote ule. Yeye hakuhitaji Bunge wala diwani. Alitaka nyavu zake, na alisema aliyezishika hakuzipima macho. Akanivuta pembeni, karibu na mitumbwi, akaniuliza: "Ile miezi sita uliyosema, kaka, inahesabiwa kuanzia lini?" Nikamwambia aifungue hati. Tukaitafuta tarehe pamoja, imefifia kwa chumvi, tukaanza kuhesabu.